Wacha Kumwambia Mgonjwa Atulie, Mwonyeshe Vile

Wasee, kuna sentensi moja tuizike leo: "Tulia, usiogope." Mtu ana saratani, ako na dripu mkononi, anaangalia dawa ikishuka tone kwa tone masaa mengi, halafu wewe unamwambia atulie. Atulie aje?

Hii story naijua kwa sababu nilikuwa nasindikiza mathe kwa kemo. Nilikuwa nimeshaacha chuo, so mimi ndiye nilikuwa na wakati. Usiku wa kuamkia dawa alikuwa halali. Asubuhi, harufu tu ya hospitali pale mlangoni ilitosha kumletea kichefuchefu, na hakuna mtu hata amemgusa. Hiyo si drama. Mwili hukariri. Ukitapika mahali mara kadhaa, ubongo unaanza kukutayarisha kabla ufike.

Nesi mmoja akatuonyesha hivi. Kaza vidole vya miguu sekunde 5, achilia, sikia tofauti. Panda juu: mapaja, tumbo, mabega, uso. Mkono wenye dripu na mahali umepasuliwa, usikaze. Kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole mpaka 6.

Mathe alicheka. "We kijana, nikunje vidole ndio nipone?"

Swali poa. Jibu ni hapana. Pumzi haiui saratani, na yeyote anayekuuzia kozi ya kupumua ndio uache kemo anakula pesa yako na maisha yako. Lakini hii pia si kitu ya TikTok. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliandika kitabu kuhusu kulegeza misuli mwaka wa 1929. Na mwongozo wa 2023 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, unataja mazoezi ya kutuliza mwili kati ya vitu vinavyoweza kupunguza wasiwasi wakati wa matibabu.

Mathe bado alitapika. Bado aliogopa. Ila kwa kile kiti, ambapo kila kitu kiliamuliwa na wengine, alipata kitu kimoja cha kufanya mwenyewe. Mimi nahesabu, yeye anakaza.

Kama kwenu kuna mgonjwa, anzeni kujaribu nyumbani, siku ametulia, msingoje siku ya dawa. Akikosa kulala wala kula kwa sababu ya woga, ambieni daktari. Woga pia hutibiwa.

Na wewe unayemshikia kibeti pale nje, pumua pia.