Kitabu Kilichokaa Sandukuni

Kwa muda wa miaka saba sisi tulikuwa na kitabu kisichokwisha. Tulikusudia kukusanya mashairi, methali na visa vya wazee wa Kaole, kijiji kilicho kusini ya mji wa Bagamoyo, penye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Usiku, baada ya kazi za ofisi, tuliandika ukurasa, asubuhi tuliurarua.

Shaka zetu zilikuwa tatu. Kwanza, elimu yetu ilikomea sekondari. Nani angesoma maneno ya karani ilhali wapo wataalamu wa vyuo vikuu? Pili, maneno mengi tuliyolelewa nayo hatukuyaona katika kamusi, tukayaonea haya. Tatu, mchapaji mmoja aliturudishia mswada bila ya neno lolote. Tukaufungia sandukuni.

Bibi mmoja wa kijijini ndiye aliyekuwa kisima cha visa vile. Kila tulipompa shikamoo alituuliza, "Marahaba, mjukuu wangu. Kile kitabu je?" Nasi tulijibu, "Bado, bibi, twakitengeneza." Akafariki dunia. Siku ya matanga tulitambua kuwa nyimbo zake za kutwangia hatukuzinakili hata moja. Zimezikwa pamoja naye, na mkosaji ni sisi.

Majuto hayo ndiyo yaliyotufungua mkono. Tulimkumbuka Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Naye alikuwa karani wa serikali, wala hakusoma chuo kikuu; lakini alipofariki mwaka 1962 aliliachia taifa hazina isiyokwisha. Kisha tukenda kuyatazama magofu. Mwashi wa Kaole hakungoja jiwe lililonyooka. Alipachika lililopo, akalishika kwa chokaa, akatafuta la pili.

Nasi tukajiwekea sharti: ukurasa mmoja kila usiku, na kurarua ni haramu. Kila Ijumaa jioni tuliwasomea wazee barazani, wakatusahihisha. Neno lisilokuwamo katika kamusi tuliliacha mahali pake, tukaeleza maana yake chini ya ukurasa. Shaka hazikuondoka, ila hatukuzikabidhi kalamu tena.

Mswada sasa umekamilika, isipokuwa sura ya nyimbo za kutwangia, ambayo ina kichwa tu. Ndugu msomaji, ikiwa unaye mzee nyumbani, chukua kalamu umwendee leo, hata kama mwandiko wako haujakupendeza.