Neno Lililopanda Baisikeli

Msomaji, yako maneno ya Kiingereza yaliyotuingia kwa mlango wa mbele wa shule, tukajulishwa nayo na mwalimu kwa heshima kama wageni wa serikali. Yako na mengine yaliyotuingia kwa njia za panya. Neno "border" lilinijia mimi kwa njia zote mbili, na kabla sijatambua ya kuwa ni neno moja lilikwisha kunitia katika aibu ambayo sikuisahau.

Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya. Mji wetu una pacha wake mwenye jina lilo hilo upande wa Uganda, na baina ya lango la nchi moja na lango la nchi ya pili palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Msafiri aliyeshuka garini penye lango la kwanza hakuwa na budi kulifikia la pili kwa miguu, mzigo kichwani na jua utosini. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baisikeli waliiona shida hiyo, wakaifanya kazi. Walifunga mto juu ya keria, wakasimama karibu na lango, wakawaita wasafiri kwa neno walilolisikia kwa maofisa: "Border! Border!" Ulimi wetu haupendi neno liishe bila irabu, basi likawa boda, na kwa kuwa aitaye abiria haiti mara moja, likawa bodaboda. Desturi hiyo ikaenea upesi mpaka Malaba, kaskazini yetu, pale ambapo reli na barabara ya malori ya Kampala huvuka.

Baba yangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Mto wake ulishonwa na mama kwa kipande cha kanga nyekundu, na kengele yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Mwaka 1979, nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alitupa jaribio la Kiingereza, tulitumie neno "border" katika sentensi. Nilifurahi kama mtu aliyeulizwa jina lake. Niliandika kwa Kiingereza kwamba baba yangu ni "border", naye ana kengele. Mwalimu aliisoma sentensi yangu mbele ya darasa. Darasa likacheka, na mwalimu akacheka pamoja nalo. Kisha akaniuliza kama baba yangu ana urefu wa maili ngapi, na kama hulindwa na askari. Akaikata sentensi kwa wino mwekundu. Tangu siku ile, nilipoulizwa kazi ya baba, nilijibu kwamba yuko forodhani. Haukuwa uwongo kamili. Ila ulipakana na uwongo, na hivyo ndivyo Mwingereza asemavyo, kwa neno hilo hilo.

Maana mwalimu hakutuambia jinsi neno lile lilivyo na nyumba nyingi. Waingereza wenyewe walilipata kwa Wafaransa katika zama za kati, na kwa Wafaransa lilikuwa neno la ukingo na la pindo la nguo. Hata leo pindo la kanga, lile lizungukalo mji wake na jina lake, kwa Kiingereza ni "border". Mstari wa wino uzungukao picha kitabuni ni "border". Kitalu kirefu cha maua kando ya njia ya bustani ni "border". Nchi iliyo baina ya Uingereza na Uskoti huitwa hivyo kwa wingi, na ukilitamka neno hilo peke yake huko Marekani, msikilizaji huenda akadhani unasema habari za Meksiko. Mwalimu angetuambia haya, yamkini nami ningecheka.

Hata neno letu wenyewe si jepesi kama tudhanivyo. Tazama "mpaka". Ni mahali pa kukomea: mpaka wa shamba, mpaka wa nchi. Walakini ni neno hilo hilo limpelekalo mtu aendako: nitakwenda mpaka Mbale, nitangoja mpaka jioni. Sijui lugha nyingi, lakini nimependezwa daima na lugha ambayo kizuizi na safari hutumia neno moja.

Na mpaka wetu wa Busia wenyewe haukuwako siku zote. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 sehemu zote hizi, mpaka kufika Naivasha, zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda. Siku hiyo zikatiwa katika milki ambayo baadaye iliitwa Kenya. Babu zetu hawakuhamisha hata chungu. Wasamia walibaki pande zote mbili za mto Sio, na Wateso vivyo hivyo penye Malaba. Shangazi yangu aliolewa Lumino, upande wa Uganda, na kwetu hapakuwa na aliyesema ya kuwa ameolewa ng'ambo. Lakini mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alidai kuwa nchi hizi za magharibi ya Kenya ni za Uganda kwa sababu ya mambo ya kale hayo, na neno "border" likawa neno la redio na la hasira. Nakumbuka baba akirudi nyumbani mapema, baisikeli ikiwa baridi, na mama akihesabu unga.

Mwaka 1982 nilipata nafasi katika shule ya sekondari ya mbali. Barua ilisema ya kwamba nitapokewa kama "boarder". Nilimsomea baba. Alinitaka nirudie neno lile, nikarudia, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nimekuwa boda miaka hii yote," akasema, "wala hapana aliyenidai karo."

Nilimweleza kwa ujuvi wa mtoto aliyefaulu mtihani kwamba hilo ni neno jingine. Latokana na neno lenye maana ya ubao, kisha meza, kisha chakula kilicho juu ya meza. Basi "boarder" ni mwanafunzi alaye na kulala shuleni kwa malipo. (Baadaye nilisoma kwamba wanazuoni wayahesabu maneno hayo mawili kuwa ndugu wa mbali, kwa hiyo baba hakukosa sana.) Yeye alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza malipo yenyewe ni kiasi gani, akaanza kuhesabu kwa safari za langoni.

Siku ya kuondoka alinichukua kwa baisikeli, sanduku langu likiwa mapajani pangu, mpaka karibu na kituo cha mabasi. Niliwaona wenzangu wawili wa shule mpya wamesimama na wazazi wao, mmoja wao kavaa tai. Nikamwomba baba asimame.

"Nikufikishe mpaka wapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Mpaka hapa, baba."

Alisimama. Aliwatazama watoto wale, akanitazama mimi, akanishushia sanduku, akaupangusa mto wake kwa kiganja. Hakuniuliza neno. Alipoondoka hakupiga kengele.

Miaka imepita. Bodaboda ni pikipiki sasa, na vijana wa Dar es Salaam na wa Kampala walitumia jina hilo bila kuuona mji uliolizaa. Magazeti ya Kiingereza yamelipokea tena, nalo halifanani na neno lililotoka kwao. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo kimoja cha ukaguzi hapa Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi aingiayo.

Mwaka ule ule nilimpeleka baba kumwona shangazi. Alitembea polepole kwa fimbo, pasipo baisikeli, mahali alipopita mara elfu nyingi juu ya baisikeli. Tulipotokea upande wa Uganda vijana walitujia na pikipiki zao, wakiita boda, boda. Nilitaka kutafuta motakaa, kwa ajili ya umri wake. Baba alikwisha kumchagua kijana mmoja, akaupapasa mto wa pikipiki yake kwa kiganja, akamwomba apige honi. Kijana akashangaa, akapiga.

"Twende wapi, mzee?"

"Mpaka Lumino," baba akasema, akanyosha mkono nimsaidie kupanda.