Kano Haina Haraka

Glasi ilipasukia mkononi mwangu nikiiosha. Jeraha lilikuwa dogo, chini ya kidole cha pete cha mkono wa kulia. Zahanati niliyokimbilia walishona ngozi, wakaniruhusu niende. Hakuna aliyeniambia, “Hebu kunja kidole.” Angeona kimenyooka tu wenzake wakijikunja. Kila kidole, isipokuwa gumba, kina kano mbili upande wa kiganja: moja hukunja kiungo cha kati, nyingine hukunja ncha. Zangu zilikatika zote. Nawasihi sana, ukikatwa kidole, hata kwa jeraha la nyuzi mbili, usitoke kwa daktari bila kujaribu kukunja ncha.

Baadaye kano ziliungwa hospitalini Moshi. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, na sare za shule zilikuwa zinanisubiri. Nilifungwa banzi la plastiki mgongoni mwa mkono, kifundo kimeinama, usiku na mchana kwa wiki sita. Kila saa nilikikunja kidole kwa mkono wa kushoto, taratibu, kisha nikakinyoosha hadi kikagusa banzi.

Mama mkwe alikuwa akilia akiniona. “Mwanangu, pumzisha mkono upone.”

“Mama, nikiupumzisha utaganda.”

Ndivyo mtaalamu wa mazoezi alivyonifafanulia: kano hupita ndani ya ala nyembamba. Isiposogea, kovu huigandisha humo. Ikivutwa kwa nguvu, mshono hukatika. Zamani madaktari wengi waliogopa kabisa kuunga kano za sehemu hiyo mara tu baada ya ajali, mpaka Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walipoonyesha mwaka 1967 kwamba inawezekana, kidole kikianza kusogezwa mapema. Nilimshukuru mtu nisiyewahi kumwona.

Kilichonitesa zaidi ni nafuu. Maumivu yaliisha mapema, kano ikiwa bado changa. Mwanangu mdogo alininyooshea mikono nimbebe, nami nikamwita baba yake. Ndoo, mkasi, chuma cha pasi, vyote nilivipisha hadi wiki ya kumi na mbili ilipopita. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia jeraha.

Sasa nakata hata kitambaa kizito cha makoti. Ncha ya kidole bado haifiki kiganjani, na baridi ya Julai hukikakamaza mpaka nikiloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Daktari anasema upasuaji mwingine unaweza kuliachanisha kovu. Nimemwomba anipe muda, niendelee kwanza na mazoezi.