Umeme wa jua na upepo: ulizia kelele kabla zege halijamwagwa



Tangu sola zianze kuenea huku kwetu Saadani, Matipwili na Mkwaja, kuna swali ambalo likiulizwa mkutanoni watu hucheka: "Na kelele je?" Jibu huwa lile lile, kwamba sola haina kelele. Mimi sicheki, maana nimeona majirani wa kuzikana wakiacha kusalimiana kwa jambo hilo.

Ni kweli paneli iko kimya. Kelele hutoka kwenye vitu vinavyofungwa nayo: feni ya inveta, friza za samaki, pampu iliyo juu ya ardhi, na jenereta la akiba linalowashwa betri zikiisha. Mashine ya kusaga nayo hupiga kelele hata ikiendeshwa kwa jua. Kinachoondoka ni mlio wa injini tu.

Niliwahi kupanga nyumba katika mji mmoja wa pwani, jirani na muuza samaki aliyefunga sola na friza. Jenereta lake la akiba alilijengea kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa nyumba ya pili. Mchana hakuna aliyelalamika. Betri zilikuwa zinaisha saa sita usiku, ndipo linawaka, na nyuma ya ukuta ule amelala mama mwenye mtoto mchanga. Mama alikwenda kuomba kwa adabu mara mbili. Mara ya tatu alikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Jenereta likahamishwa, ila zege jipya, waya na fundi vilimgharimu yule bwana upya, na wateja wa upande ule wakahamia kwa mwingine. Hasara yote ilitokana na hatua chache ambazo siku ya kwanza zingekuwa bure.

Kwa upepo mambo ni makubwa zaidi. Hapa nchini tayari kuna mitambo mitatu Mufindi, mkoani Iringa, yenye megawati 2.4. Mapanga yake yanapozunguka hutoa mvumo unaokuja na kurudi. Usiku mvumo huo husikika zaidi, kwa sababu juu upepo unaendelea lakini chini kumetulia, hakuna sauti nyingine ya kuufunika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri wastani wa kelele za mitambo hii usifike desibeli 45.

Wenzetu wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, walikuwa wajengewe mitambo 38 ya megawati 60.8. Wananchi walikuwa na hofu juu ya ardhi, fidia na afya zao. Yakaja maandamano, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Somo ninalolichukua ni kwamba hofu isiyojibiwa mapema hugeuka ugomvi, na kwenye ugomvi hakuna anayepata umeme.

Sasa tuje kwenye ya kufanya.

1. Tumia umbali. Ukizidisha umbali mara mbili mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Jenereta lenye desibeli 70 ukiwa mita 7, ukienda mita 14 ni 64, mita 28 ni 58.

2. Jua upepo wako. Kusi hupeleka sauti kaskazini, kaskazi huipeleka kusini. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea baharini, hivyo mtambo ulio upande wa bahari wa nyumba husumbua kidogo. Ila usisogee hadi ufukweni: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na chumvi hula vyuma.

3. Usiegemeze mashine kwenye ukuta wa nyumba. Ipe msingi wake na uweke vipande vya tairi kuukuu chini yake. Bati tupu hutetemeka na kuongeza mlio. Inveta iachie nafasi ya hewa, na jenereta usiliweke kamwe ndani ya nyumba, moshi wake unaua.

4. Nenda ukasikilize usiku. Mkiletewa mradi, ombeni wawakilishi wapelekwe kwenye mtambo unaofanya kazi, wasimame umbali ule ule wa nyumba zenu, saa nne usiku.

5. Andikeni. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji useme umbali kwa mita, saa za kuwasha jenereta, na nani atalipia marekebisho. Kwa mradi mkubwa, ulizeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira imesema nini kuhusu kelele.

Ikishindikana, anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha NEMC. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, na mwenye mashine ndogo anahusika kama mwenye kiwanda.

Sola chukueni, imeokoa samaki wengi wasioze. Ila kabla fundi hajachimba, mwite jirani, msimame naye pale pale penye alama, umuulize kitanda chake kiko upande gani.