Kisangani: gitaa jeupe lilitambuliwa kwa kumulikwa tumboni

Katika komini ya Kabondo kuna parseli moja ambako wenye magitaa hukutana chini ya mwembe kila Jumapili, baada ya ibada. Hakuna kamati, hakuna mchango, hakuna jina la orkesta. Kila mtu anafika na gitaa lake, mwingine juu ya toleka, mwingine kwa miguu, limefungwa katika kitenge au katika gunia lililoshonwa upya. Umeme ukiwepo, wanachomeka ampli. Usipokuwepo, wanapiga hivyo hivyo, kwa sababu magitaa yanayopendwa zaidi pale ni yale ya umeme yenye tumbo tupu, yenye matundu mawili kifuani yaliyokatwa kama herufi f. Gitaa la aina hiyo, hata umeme ukikatika, jirani bado anasikia.

Tuseme ukweli: wanapiga kidogo na kujionyesha sana. Gitaa linafunguliwa polepole kama mtoto mchanga anayeonyeshwa wageni. Linageuzwa juani ili rangi ionekane. Linafutwa na kitambaa hata kama halina vumbi.

Mkubwa wa pale ni mzee mmoja aliyewahi kupiga mi-solo katika orkesta ya mjini enzi za Zaïre. Orkesta ilipovunjika, vyombo viligawanywa, yeye akachukua gitaa badala ya pesa alizokuwa anadai. Rangi yake ni njano katikati, kisha kahawia, kisha karibu nyeusi kwenye ukingo, kama jua linapozama nyuma ya mto. Verni imepasuka kila mahali, mistari midogo midogo kama matope ya kando ya mto yakikauka. Vijana wanamwambia: "Papa, tukupeleke kwa fundi, alipake upya." Anakataa. Anasema verni ya zamani ilikuwa nyembamba, mbao ikivimba kwa unyevu na kurudi, verni inashindwa kuifuata, ndipo inapasuka. Kwa hiyo kila mpasuko ni mvua moja ya Kisangani. Hapa mvua hazikosi. Mji uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na gitaa lililokaa miaka arobaini na zaidi limekula mvua nyingi.

Mzee huyo anapenda pia kuwashusha vijana wanaojidai kwa majina ya viwanda. Anawakumbusha kwamba Gibson walitoa gitaa lao la kwanza la umeme lenye tumbo, ES-150, mwaka 1936, na mwaka 1958 wakatoa ES-335, ambalo ndani yake waliacha gogo la mbao katikati ili lisipige kelele ya kujirudia likiwa karibu na ampli. Kisha anagonga kifua cha gitaa kwa kidole na kuuliza: "Mnajua hii ni nini? Ni tripleksi." Watu wanacheka, lakini ni kweli. Mengi ya magitaa hayo maarufu yana mwili wa mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine, kama tripleksi ambayo Kisangani inatumika kwa plafo na kwa majeneza ya bei ndogo. Kinacholipiwa ni umbo, mikro, mkono wa fundi, na rangi.

Na rangi ndiyo ilileta habari hii.

Jumapili moja alifika kijana mwenye moto ya teksi ambaye pia hupiga gitaa katika kanisa lake. Alikuwa na gitaa jeupe kabisa, jeupe kama sahani mpya, na ukingo wa dhahabu. Alikuwa ameona kwenye simu picha ya Gretsch White Falcon, gitaa jeupe la Kimarekani lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954, akatamani lake lifanane nalo. Gitaa lenyewe alilinunua sokoni kwa dola 60, likiwa limechakaa, kwa muuzaji ambaye hakumfahamu. Akalipeleka kwa fundi anayepaka magari. Rangi ya gari, pistole ya kupulizia, dola 25. Akabadilisha na mikro moja. Siku hiyo hata mwenye gitaa jekundu lililotoka Dubai alikaa kimya.

Kwenye ukuta wa parseli alikuwa amesimama mgeni. Ni mtu wa makamo, mwalimu, aliyevuka kutoka Lubunga mwaka 2023, wakati ugomvi wa ardhi kati ya Mbole na Lengola ulipogeuka mauaji na nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakahama. Yeye mwenyewe ni wa kabila gani, hakuna aliyemuuliza chini ya mwembe ule, na hapa pia halitaandikwa. Upande wa pili alikuwa akifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya. Alipokimbia alishika mtoto mmoja kila mkono, mke wake akabeba godoro. Gitaa lilibaki juu ya kabati.

Jumapili hiyo ya kwanza hakusema neno. Alitazama gitaa jeupe mpaka watu walipotawanyika, akaenda zake. Baadaye alieleza sababu. Katika mji huu neno "mwizi" likitamkwa mbele za watu linaweza kumuua mtu kabla swali la pili halijaulizwa. Na yeye ni mkimbizi, anaishi chini ya hema, hana risiti, hana picha. Simu iliyokuwa na picha aliiuza mwezi wa pili ili kununua chakula. Tena hakuwa na hakika. Gitaa lake lilikuwa la kahawia.

Wiki nzima hakulala vizuri. Alikuwa ameona kitu kwenye shingo, karibu na kichwa, mahali ambapo rangi nyeupe ilikuwa na mstari mdogo wa mshazari, kama kovu chini ya poda. Gitaa lake liliwahi kuanguka na kuvunjika hapo hapo.

Jumapili iliyofuata alirudi, akamwendea mzee kwanza, pembeni, kwa heshima. "Papa, nina neno, lakini sitaki kelele." Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita kijana naye pembeni.

"Mimi sikuiba," kijana akasema mara moja.

"Sijasema uliiba, mdogo wangu. Nimesema labda ni langu."

Mzee aliamuru gitaa liwekwe juu ya kiti, pasiwe mtu wa kulishika. Akamuuliza mwalimu: "Wewe unalijua kwa nini? Rangi si yake, mikro si yake, nyuzi si zake."

Mwalimu akajibu kwamba lilipoanguka mwaka 2011, mgongo wake pia ulifunguka. Aliyelitengeneza ni fundi wa majeneza, kwa sababu fundi wa magitaa hakuwepo. Aliutoa mgongo wote, akaweka ndani kipande cha lifaki kukatisha tumbo, kwa gundi, ili mbao isifunguke tena. Wiki hiyo hiyo mke wa mwalimu alikuwa amejifungua. Kabla fundi hajafunga mgongo, mwalimu alichukua penseli ya shule akaandika juu ya kile kipande cha lifaki: herufi za kwanza za jina la binti yake, na chini yake, 14/9/2011.

"Hiyo haionekani toka nje," alisema. "Na pistole haifiki kule."

Kwa kinyozi wa jirani wakaazima kioo kidogo. Mmoja akawasha tochi ya simu. Kazi haikuwa rahisi: tundu la f ni jembamba, kioo kinaingia kwa upande tu, na mwanga ukikipiga vibaya huoni chochote isipokuwa jicho lako mwenyewe. Mzee alijaribu, macho yakakataa. Mwenye gitaa jekundu akajaribu. Ndani kulikuwa na vumbi la rangi nyeupe karibu na matundu, halafu mbao ya asili, kavu, ya kahawia hafifu. Halafu ukingo wa kipande cha lifaki, chekundu-chekundu. Wakasogeza kioo kidogo kidogo.

Aliyesoma kwanza alikuwa kijana wa moto mwenyewe. Alisema, "Kumi na nne, tisa..." akaacha.

Hakuna aliyepiga makofi. Kuna watu wanaofikiri mwenye mali akipata mali yake ni furaha tu, hawakuwa pale. Kijana alikuwa ametoa dola 85 na zaidi, pesa za abiria mmoja mmoja kwenye barabara zenye mashimo, na kanisani wanamtegemea. Alichukua bisibisi mfukoni akaanza kufungua mikro aliyoinunua, mikono ikitetemeka, mpaka mzee alipomwambia, "Mwanangu, acha kwanza." Akaacha. Akalishika gitaa kwa mikono miwili akampa mwalimu. "Basi peleka, yaya."

Mwalimu aliketi. Hakulipiga. Aliliweka mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya lile kovu la shingo mara nyingi. Muda mrefu. Mwishowe alisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, ingawa wote wanajua jinsi watu wanavyolala kwenye hema.

"Nitalipeleka wapi?"

Wako sita chini ya turubai moja. Mvua ikinyesha usiku, maji yanapita chini ya godoro, na kila mtu anasimama. Makaa yanawashwa mlangoni. Hakuna ukuta wa kupigilia msumari, hakuna kabati la kuweka kitu juu yake. Gitaa lenye tumbo, lenye gundi ya fundi wa majeneza, katika unyevu ule lingefunguka kabla ya Krismasi. Na tena kitu chenye ukingo wa dhahabu hakikai usiku mmoja kwenye hema bila kuita macho.

Mazungumzo yalichukua mpaka giza, na mama mwenye parseli alileta chai. Walichokubaliana ni hiki. Gitaa ni la mwalimu, na wote waliokuwepo ni mashahidi. Litalala nyumbani kwa kijana, ambaye ana chumba chenye bati zima. Asubuhi ya Jumapili kijana analipiga kanisani. Jumatano na Jumamosi alasiri ni la mwalimu. Siku atakaporudi kwake Lubunga analichukua, na atamrudishia kijana zile dola 60 kidogo kidogo, kadiri mshahara utakavyokubali. Mikro ikae, watazungumza. Ile 25 ya rangi, mwalimu alikataa kabisa. "Nani alikwambia nataka nyeupe?" Hapo ndipo watu walicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na kijana pia.

Wengine mtaani wanasema mwalimu alikuwa mpole mno, kwamba mali ya mtu hainunuliwi mara mbili. Wengine wanasema kijana ndiye aliyeonewa, maana sokoni hakuna anayeuliza kitu kilitoka wapi. Vitu vya waliokimbia viko kila mahali katika mji huu: baiskeli, cherehani, milango yenye bawaba zake, sufuria. Anayenunua kwa bei ndogo isiyo ya kawaida anajua, au anachagua kutojua. Kijana mwenyewe alikiri kwamba siku ile sokoni bei ilimshangaza.

Tangu siku hiyo mazungumzo ya chini ya mwembe yamebadilika kidogo. Watu bado wanageuza magitaa yao juani. Mzee bado anasimulia jinsi Mbelgiji Bill Alexandre alivyoleta gitaa la umeme Léopoldville miaka ya 1950, na jinsi Docteur Nico alivyolifanya liongee. Bado anadai, bila aibu, kwamba mji uliomzaa Abeti Masikini na Koffi Olomide hauhitaji kufundishwa muziki na Kinshasa. Lakini sasa kioo cha kinyozi kimekuwa sehemu ya maonyesho. Kila mwenye gitaa anataka kujua kuna nini ndani ya lake. Ndani ya lile la mzee walikuta kiberiti kimoja kilichoungua na karatasi ya kiwanda isiyosomeka. Ndani ya lile jekundu la Dubai hamna kitu.

Wengine wameanza kuandika. Mama mmoja mwenye kwaya, naye alihama, aliandika jina la kijiji chake kwa kalamu ndani ya tundu la gitaa la kwaya, mbali kadiri kidole chake kilivyofika.

Jumamosi iliyopita mwalimu alikuja na binti yake, yule wa 14/9. Msichana alimulika tundu kwa simu ya kijana, akatafuta, akaona, akasema tu kwamba baba yake ana mwandiko mbaya. Kisha alikaa kwenye jiwe kumsikiliza. Baba alipiga wimbo wa kwaya ya Lubunga, polepole, vidole vimekuwa vigumu. Mahali anapoegemeza mkono wa kulia rangi nyeupe imeanza kubanduka, alama ya ukubwa wa sarafu, na chini yake kahawia imetokea. Kijana alikuwa amebakiza rangi kidogo katika kopo. Alijitolea kuziba hapo.

"Iache hivyo," mwalimu alisema, akaendelea kupiga.