Giverny: Nyumba ya mchoraji inayofundisha kupamba ukuta

Siku hizi si ajabu kuingia sebuleni kwa watu ukakuta picha kubwa ya kanvasi juu ya kochi: bwawa tulivu, maua ya yungiyungi yanaelea, bluu na kijani zimeingiliana kama zimemwagikiana. Mwenye nyumba atakwambia ameinunua kwa muuza fremu au ameiagiza mtandaoni. Muulize nani aliichora, mara nyingi hajui.

Mchoraji wa mabwawa hayo ni Mfaransa Claude Monet, aliyefariki mwaka 1926. Bwawa lenyewe lipo kweli. Liko Giverny, kijiji kilicho kilomita kama 75 kutoka Paris, na wageni wanaruhusiwa kulitembelea.

Ukiwa Paris unapanda treni katika kituo cha Saint-Lazare hadi mji wa Vernon, mwendo wa takribani saa moja. Hapo unachukua basi linalovuka mto Seine na kukushusha kijijini. Nyumba na bustani hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba. Nilipofika mwezi Mei, foleni ilikuwa na wazee wenye mikongojo na wazazi wanaosukuma vigari vya watoto.

Nyumba ya watoto wanane

Monet alihamia hapa mwaka 1883 kama mpangaji, akainunua nyumba mwaka 1890. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki na kumwachia watoto wawili wa kiume. Alikuja na Alice Hoschedé, ambaye baadaye alimuoa, naye alikuwa na watoto sita. Kwa hiyo hii haikuwa nyumba ya msanii anayejifungia peke yake. Ilikuwa nyumba ya watu kumi, watoto wa kambo na wa kuzaa wakila meza moja.

Chumba cha kulia chakula kimepakwa rangi ya njano, kuta hadi makabati. Ukipita mlango unaingia jikoni, ambako vigae ni vya bluu na sufuria za shaba zimepangwa ukutani. Rangi hizo mbili zinachangamsha kiasi kwamba watoto waliokuwa mbele yangu walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kuonyeshana vidole.

Kilichonishangaza zaidi ni picha zilizojaa kwenye kuta za chumba hicho cha njano. Si za Monet. Ni picha za Kijapani, za wachoraji kama Hokusai na Hiroshige, na karibu zote ni za kuchapwa. Zilichongwa kwenye mbao, zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, nakala baada ya nakala. Huko Japani ziliuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Monet alikusanya zaidi ya 200 na kuzipa nafasi nzuri kabisa nyumbani kwake.

Ukiingia sebuleni, palipokuwa karakana yake ya kwanza, utaona makumi ya michoro yake mwenyewe imepanda ukutani hadi karibu na dari. Hizo nazo ni nakala. Picha halisi zimetawanyika katika makumbusho na mikononi mwa matajiri duniani kote, hivyo watunzaji wa nyumba wametundika nakala ili mgeni aone chumba kilivyokuwa enzi za mwenyewe.

Basi kama unaona haya kwa sababu picha yako ya sebuleni ni ya kuchapwa, nyumba hii inakutoa wasiwasi. Cha kujiuliza ni kama umeichagua kwa kuipenda, na kama umeitundika mahali inapoonekana.

Jicho lililokuwa nyuma ya rangi

Kwangu mimi ninayeandika habari za afya, bwawa la Giverny lina habari nyingine. Mwaka 1912 madaktari walimwambia Monet kuwa ana mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hufanya lenzi ya jicho iingie ukungu, na mara nyingi hauumi. Mtu huona kama anatazama kupitia kioo kichafu: bluu inafifia, nyeupe inakuwa na unjano, na mwanga mkali unakera.

Monet aliogopa upasuaji. Rafiki yake Mary Cassatt, mchoraji wa Kimarekani, alifanyiwa upasuaji wa macho usioleta mafanikio. Monet akaendelea kuchora huku akitegemea majina yaliyoandikwa kwenye vichupa vya rangi. Ukiangalia picha za daraja la bustani yake alizochora miaka ile, maji na majani yamegeuka kuwa mekundu na ya kahawia, kama moto.

Aliyemsukuma akubali ni rafiki yake Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa na kabla ya siasa alisomea udaktari. Monet alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 82. Wakati huo hakukuwa na lenzi bandia ya kuweka ndani ya jicho, hivyo alivaa miwani mizito na kulalamika kuwa rangi zimebadilika. Hata hivyo alirudi kazini. Michoro mikubwa ya yungiyungi aliyoizawadia Ufaransa ilifunguliwa kwa umma mwaka 1927 katika jumba la Orangerie, Paris, miezi michache baada ya kifo chake. Imezunguka kuta za vyumba viwili vya duara la yai, kila mchoro ukiwa na kimo cha takribani mita mbili. Baadaye wachoraji wa kisasa wa Marekani waliitazama kama mwanzo wa njia yao.

Leo lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini hofu ya Monet bado ipo majumbani mwetu. Wapo babu na bibi wanaoamini kuwa kutoona ni uzee tu, na familia inakubali.

Kabla hujagonga msumari

Ukiamua kununua picha ya kanvasi, anza na ukubwa. Mchoro wa mita mbili ukibanwa kuwa wa sentimita 40 unapoteza ladha. Juu ya kochi, picha yenye upana wa theluthi mbili za kochi hukaa vizuri. Kama bajeti ni ndogo, itundike ndogo kwenye ukuta mwembamba, mfano karibu na mlango.

Pili, mwanga. Giverny madirisha ni makubwa na rangi zinapumua. Nyumbani, weka picha mahali panapofikiwa na mwanga wa mchana, lakini isipigwe na jua moja kwa moja, kwani wino utafifia. Muulize muuzaji wino aliotumia unadumu kiasi gani.

Tatu, unyevu. Kwa wanaoishi pwani, kanvasi iliyobana kwenye ukuta wenye maji huota ukungu nyuma, na ukungu humsumbua mtoto mwenye pumu. Acha nafasi ndogo ya hewa nyuma ya fremu, na igeuze uikague mara kwa mara. Ukuta unaovuja utengenezwe kwanza.

Nne, watoto. Kanvasi isiyo na kioo ni nyepesi na haipasuki, hivyo inafaa chumba cha mtoto, ila usiitundike juu ya kitanda kwa msumari mmoja uliolegea. Ishushe kidogo ili naye aione. Picha iliyo juu ya kichwa cha kila mtu haina wa kuitazama.

Jambo la mwisho la ununuzi: Monet alifariki muda mrefu, na kazi zake zinachapwa bila kumdhulumu. Mchoraji aliye hai wa mjini kwako ana watoto wa kulisha. Ukipenda kazi yake, nunua kwake au omba ruhusa yake, usiipige picha kwa simu na kuipeleka kwa mchapaji.

Picha ikishatundikwa, mketishe bibi na mjukuu mbele yake na waulize wanaona rangi gani. Mtoto atakupa hadithi. Bibi akisema maji ni ya kahawia wakati wewe unaona bluu, au akisema haoni maua kabisa, usimcheke na usimwambie ni uzee. Hicho si kipimo cha daktari, lakini ni sababu tosha ya kumpeleka kliniki ya macho wiki hiyohiyo. Monet alisubiri miaka 11.