Mgeni Mwenye Mdomo Mpana

Mtu akifika kando ya Ziwa Naivasha, huenda akaonyeshwa samaki wa rangi ya kijani, akaambiwa kuwa ni ngege. Asikubali upesi, bali amtazame mdomo. Ngege ana mdomo mdogo, na pezi la mgongo wake ni moja tangu mbele hata nyuma. Lakini besi ana mdomo mpana ajabu. Taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Pezi la mgongo wake lina bonde katikati: mbele ni miba mikali, nyuma ni laini. Tena ubavuni ana mstari mweusi kutoka kichwani hadi mkiani. Ukoo wake Wamarekani huuita samaki wa jua.

Besi huwinda kwa macho. Hujificha penye kivuli cha mafunjo, akavizia visamaki na vyura. Kwa hiyo mvuvi hodari hutupa ndoana karibu na mafunjo, huvuta mshipi polepole, hutua kidogo, kisha huvuta tena, ili chambo kionekane kama kiumbe kilichoumia. Maji yakichafuka kwa tope, subira yake haina faida nyingi. Akimnasa, humshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, kwa maana meno yake ni madogo kama msasa. Miba ya mgongoni ndiyo ya kuogopwa.

Samaki huyu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, ili wapenda kuvua kwa ndoana wapate mchezo. Akastawi, kwani dume ni mlezi mwema: husafisha shimo penye maji haba, jike akataga humo, naye dume hulinda mayai na watoto asiwaache.

Lakini ziwa lile lilikuwa na kisamaki chake cha asili, nacho kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wataalamu humshuku besi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku Naivasha mwenyeji hakupona.

Basi mkulima mwenye kidimbwi au mto karibu na shamba lake, akivua besi, na amle kwa furaha. Ila asimchukue hai ndooni kwenda kumtia katika maji mengine. Kumwingiza ni kazi ya asubuhi moja. Kumtoa ni kazi ngumu mno.